Simu Zisizopenda Kuimbiwa

Watu wanaoimba kwaya hugundua mapema jambo ambalo wengine huenda wasiligundue kamwe, nalo ni kwamba simu za kisasa hazipendi kuimbiwa. Ukizungumza, zinakusikia vizuri hata ukiwa kando ya barabara yenye magari mengi au katika chumba chenye watoto wanaocheza. Ukianza kuimba, hasa ukishika noti moja ndefu mwishoni mwa ubeti, aliye upande wa pili atakwambia kwamba sauti yako inafifia, inakatikakatika, kisha inatoweka. Simu haijaharibika. Programu ya kupunguza kelele iliyomo ndani yake imeundwa kutenganisha maneno ya mtu na mvumo wa feni au wa injini, na njia mojawapo ya kuutambua mvumo ni kwamba haubadilikibadiliki kama yanavyobadilika matamshi. Noti iliyoshikiliwa kwa pumzi moja nayo haibadiliki. Basi mashine inatimiza ilichotumwa: inauchuja wimbo na kuutupa pamoja na kelele.

Mimi ni Mkristo, naimba sauti ya nne, yaani besi, na jambo hilo limeniudhi kiasi cha kunifanya nijiulize ni nini hasa kinachoniudhi. Mahubiri kuhusu simu nimeyasikia mengi, na karibu yote huhusu picha chafu, umbea na saa zinazopotea. Sina ugomvi nayo. Lalamiko langu ni la aina nyingine: simu zinazopendwa na wengi zimeundwa kwa kudhani kwamba muziki ni kitu ambacho mtu mmoja hukipokea akiwa peke yake, ilhali kanisa limenilea nikiamini kwamba muziki ni kitu ambacho watu wengi hukitoa kwa pamoja. Dhana hizo mbili haziwezi kukaa katika mfuko mmoja bila kugombana.

Inafaa kukumbuka jinsi uimbaji wa waumini wote ulivyoshika mizizi katika kanisa la magharibi. Mwaka 386, huko Milan, askofu Ambrosi alikuwa katika mgogoro na Justina, mama wa mfalme kijana, aliyetaka jengo la kanisa likabidhiwe kwa Waario, Wakristo waliokana kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba. Waumini walikesha ndani ya kanisa pamoja na askofu wao, tayari kufa naye. Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwandishi mashuhuri, na ambaye mama yake Monika alikuwa miongoni mwa waliokesha, anaeleza katika Maungamo yake kwamba hapo ndipo ilipoanzishwa desturi ya kuimba tenzi na zaburi kwa namna ya makanisa ya mashariki, ili watu wasizimie roho kwa huzuni na uchovu. Habari hiyo haihitaji kutiwa chumvi. Wimbo uliingia kwa sababu watu walikuwa pamoja, walikuwa na hofu, na walihitaji kazi ambayo wote wangeweza kuifanya kwa wakati mmoja.

Augustino huyo huyo, alipoandika kitabu cha kumi cha Maungamo miaka kadhaa baadaye, alikuwa amejaa wasiwasi. Alikumbuka machozi aliyoyatoa kanisani siku za mwanzo wa imani yake, akakiri kwamba kila mara anapoguswa na uimbaji kuliko kile kinachoimbwa, ametenda dhambi, na afadhali asingemsikia mwimbaji. Akamtaja askofu Athanasi wa Aleksandria, ambaye alimwelekeza msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo sana, hata ikawa karibu na kusema kuliko kuimba. Mwishowe aliegemea upande wa kuikubali desturi ya kuimba, kwa kuwa masikio yakifurahi moyo dhaifu huinuka, lakini hakutoa hukumu ya mwisho, na nampenda zaidi kwa kutoitoa.

Wasiwasi huo haujawahi kuisha. Katika miaka ya 1520, huko Zurich, mwanamatengenezo wa kanisa Zwingli, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji hodari wa ala nyingi, alisimamia matengenezo yaliyonyamazisha vinanda na kuuondoa uimbaji katika ibada, wakati Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, katika miaka hiyo hiyo, alikuwa akiandika nyimbo ili watu wote waziimbe kwa lugha yao. Makanisa mengi ya Kiorthodoksi huimba bila ala yoyote mpaka leo. Kwa upande wa Uislamu, mwanachuoni al-Ghazali aliandika sehemu nzima ya kazi yake kubwa kuhusu kusikiliza nyimbo na msisimko unaofuata, akisema kwamba hukumu inategemea sana kilichomo tayari ndani ya moyo wa msikilizaji.

Katika ubishi huo wa karne nyingi kuna jambo ambalo pande zote zililichukulia kuwa la hakika, na kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kulitetea: wimbo ulikuwa na mwimbaji aliyepo. Ili Augustino aguswe kupita kiasi, ilibidi kwanza aende kanisani, asimame pamoja na watu, angoje zaburi ifike mahali pake katika ibada, na amsikie mtu mwenye mwili na kikohozi akiiimba. Furaha aliyoiogopa ilikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilikuwa kuwavumilia waumini wenzake. Simu imeondoa gharama ikaacha furaha. Naweza kuusikiliza wimbo wa toba nikiwa nimelala chali, nikairudia sehemu tamu pekee, nikaukata kabla ya ubeti unaonitaka nimsamehe mtu, na machozi yakanitoka vizuri kabisa. Sisemi kwamba machozi hayo ni ya uongo. Nasema kwamba hayajaulizwa swali lolote.

Katika kwaya maswali huulizwa kila wiki. Aliye kulia kwangu huingia kabla ya wakati. Aliye kushoto hushuka polepole, nasi tunashuka naye bila kujijua, mpaka kinanda kinapoingia na kutuumbua wote. Mwalimu wetu hutwambia neno ambalo nadhani walimu wote wa kwaya hulisema: kama humsikii jirani yako, punguza sauti yako. Sijasikia maelezo bora zaidi ya maisha ya kanisa, na yametolewa na mtu ambaye wakati huo alichojali ni sauti ya pili isifunikwe. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, anawataka wasemezane kwa zaburi na tenzi na nyimbo za rohoni; maana yake ni kwamba wimbo, pamoja na kuelekezwa kwa Bwana, unaelekezwa kwa ndugu aliye kando yako, hata kama ndugu huyo huimba vibaya. Wimbo uliorekodiwa hauna ndugu wa namna hiyo. Umesafishwa, noti zilizopinda zimenyooshwa kwa programu, na anayekohoa ameondolewa.

Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa katika nchi nyingi kwa sababu ya korona, tulilazimishwa kuingia katika jaribio ambalo hakuna mtu angelipendekeza kwa hiari. Waumini walijaribu kuimba pamoja, kila mmoja akiwa na simu yake, na jambo hilo likavurugika kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Sababu yake ni ya kifizikia. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mwimbaji aliye mita 10 kutoka kwako unamsikia kwa kuchelewa milisekunde 29 hivi, na hapo ndipo karibu na mwisho wa kile ambacho waimbaji wanaweza kukivumilia bila kuanza kungojeana na kupoteza mwendo. Simu inapopeleka sauti kwa intaneti inabidi iikusanye, iibane na kuituma, na simu inayopokea huishikilia kidogo kwanza ili mapengo yasisikike. Kiwango cha kimataifa cha mawasiliano ya simu hukubali kuchelewa hadi milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa kunafaa kwa mazungumzo. Kwa mazungumzo, sawa. Kwa wimbo, hiyo ni kama kusimama mita 50 kutoka kwa mwenzako katika uwanja wazi na kutaka muanze pamoja.

Juu ya kuchelewa huko, programu nyingi za mikutano humpa nafasi yule anayesikika zaidi na kuwafifisha wengine, jambo la busara katika kikao cha kazi, lakini wanapoimba watu wengi husikika mmoja, naye hubadilika kila baada ya neno. Suluhisho lililopatikana ni kwamba kila mtu azime maikrofoni yake isipokuwa kiongozi mmoja. Nalikumbuka jambo hilo kwa uchungu kuliko ninavyoikumbuka milango iliyofungwa: kusanyiko la waumini ambalo sharti lake la kuimba lilikuwa kwamba mtu asisikike. Zile video za kwaya zenye nyuso nyingi ndani ya vijisanduku, ambazo ziliwafariji watu wengi nami nikiwemo, zilirekodiwa na kila mwimbaji peke yake akisikiliza mdundo masikioni, kisha fundi akaziunganisha. Zilikuwa nzuri, ila hakuna aliyekuwa ameimba na mwenzake.

Sisi wa sauti ya nne tuna kesi yetu ya pekee. Noti ya chini kabisa ya besi wa kawaida hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na spika ya simu, kwa udogo wake, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kuitoa. Mfumo wa zamani wa simu za mazungumzo ulikuwa ukipitisha sauti kuanzia mitetemo 300 kwa sekunde tu. Tunachosikia ni mitetemo ya juu inayoandamana na noti hiyo, na ubongo hukisia iliyokosekana, ndiyo maana tunamtambua mwanamume mwenye sauti nzito hata kupitia spika ndogo. Kukisia kunatosha kumtambua mtu, lakini hakutoshi kujifunza wimbo. Mwalimu akitutumia sehemu zetu ili tujifunze nyumbani, sauti ya kwanza huipata yao wazi kabisa, nasi wa nne tunapata mtu anayenung'unika nyuma ya ukuta.

Dawa yake ni hedifoni, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Septemba 2016 kampuni ya Apple ilizindua iPhone 7 bila tundu la hedifoni la milimita 3.5, tundu ambalo lilikuwa likikubali karibu kila hedifoni iliyokuwepo, na mkuu wake wa masoko, Phil Schiller, alisema jukwaani kwamba sababu ya kuchukua hatua hiyo ni ujasiri. Habari za ujasiri nimezisoma katika Matendo ya Mitume: Paulo na Sila wamechapwa, miguu yao imefungwa kwenye mkatale, nao wanamwimbia Mungu usiku wa manane huku wafungwa wengine wakiwasikiliza. Kuondoa tundu na kumwuzia mteja yule yule kifaa kisicho na waya ni biashara, na biashara si dhambi, lakini iitwe kwa jina lake. Samsung, ambayo katika matangazo yake ilimdhihaki mshindani huyo kwa kuliondoa tundu, iliondoa la kwake katika Galaxy Note10 mwaka 2019.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba hedifoni zisizo na waya siku hizi husikika vizuri. Kweli zinasikika vizuri, kwa mtu anayesikiliza tu. Bluetooth nayo huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100, na unapotazama filamu programu huichelewesha picha ili vilingane, usijue lolote. Mwimbaji hana wa kumfichia hilo. Akifungua programu ya kinanda ili atafute noti ya kuanzia, anabonyeza, anangoja, kisha noti inafika. Akijirekodi akiimba juu ya wimbo aliotumiwa, anajikuta yuko nyuma ya wenzake japo aliimba sawasawa. Waliokiunda kifaa hicho walimfikiria mtu anayepokea muziki. Anayetaka kuujibu hakuwamo katika hesabu zao.

Habari ya betri naipitia haraka kwa kuwa imesemwa sana. Desemba 2017 Apple ilikubali kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zilizochoka betri, na mwaka 2020 ilitozwa faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa kwa kutowaarifu wateja ipasavyo. Kampuni ilieleza kwamba ilikusudia kuzuia simu zisizimike ghafla, na maelezo hayo yana mantiki. Lakini mtu ambaye kitabu chake cha nyimbo sasa kimo ndani ya simu ana haki ya kujua kitachakaa lini na kwa nini. Kitabu cha karatasi, kwa kulinganisha, huchakaa mbele ya macho yake.

Suala la umiliki linanigusa zaidi. Septemba 2014 albamu mpya ya bendi ya U2 iliwekwa katika maktaba za wateja wapatao milioni 500 wa iTunes, duka la muziki la Apple, bila wao kuiomba, na malalamiko yalikuwa makubwa hata Apple ikalazimika kutoa zana maalumu ya kuifuta. Waliolalamika walionekana kuwa watu wasio na shukrani, kwani walipewa zawadi ya bure. Mimi naona walikuwa wametambua kitu cha kweli: maktaba ya nyimbo zako ni sehemu ya ndani ya nafsi yako, na mtu anayeweza kuingiza kitu humo bila kubisha hodi anaweza pia kukitoa. Tangu hapo mambo yamesonga mbele zaidi. Simu nyingi za bei ya juu hazina tena mahali pa memori kadi, Samsung ikiwa imeliondoa katika mfululizo wa Galaxy S21 mwaka 2021, na nyimbo nyingi tunazosikiliza ni za kukodi: leseni ikiisha kati ya huduma na mwenye wimbo, wimbo unaondoka, nawe unabaki na mstari wa kijivu usiobonyezeka. Asiyelipia kila mwezi anasikilizishwa matangazo. Nimewahi kumaliza wimbo wa maungamo, kichwa kikiwa bado kimeinama, nikakaribishwa papo hapo kucheza kamari na sauti ya kijana mchangamfu. Sijui kama yule aliyeandika tangazo aliwahi kufikiria kwamba lingesikika mahali hapo. Bila shaka hakufikiria, wala mashine iliyolipanga haikufikiria.

Mashine hiyo pia haina kalenda ya kanisa, na hilo halizungumzwi sana. Katika makanisa mengi ya magharibi neno Aleluya haliimbwi kipindi chote cha Kwaresima, na kwa Wakatoliki kinanda hunyamaza baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, isipokuwa kikihitajika kuwashikilia waimbaji. Ukimya huo umepangwa kwa makusudi ile ile iliyopanga nyimbo. Aleluya ya Pasaka inapopasuka, inapasuka kwa sababu ilizuiwa, na anayeisikia anajua tumboni mwake kwamba kuna kitu kilikuwa kimekosekana. Simu hupima jambo moja, nalo ni kama umeendelea kusikiliza. Wimbo ukiisha inaanzisha mwingine wenyewe, unaofanana na ule, ili pasiwe na pengo ambamo unaweza kuweka kifaa chini. Imani ya Kikristo, kwa kadiri ninavyoijua, imeweka mambo yake makubwa zaidi ndani ya mapengo ya namna hiyo, na sioni ni vipi mtu ataizoea Jumamosi Kuu, siku ya ukimya kati ya kifo cha Kristo na ufufuo wake, ikiwa kifaa anachokishika kutwa kimeundwa kuhakikisha kwamba siku kama hiyo haitokei.

Ningekuwa mwongo kama ningesema simu haijafanya lolote jema katika jambo hili. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani huisikia ibada ya ndugu zake. Mtu asiyeona husomewa maneno ya wimbo na simu, mstari kwa mstari, bila kumngoja mwenye macho. Nyimbo za wazee ambazo hazikuwahi kuandikwa zimerekodiwa na wajukuu wao kwa kifaa kilichokuwa mfukoni wakati huo, na rekodi hizo mbovu, zenye upepo na majogoo ndani yake, nazithamini kuliko albamu nyingi. Hata nota za solfa, ambazo zamani tulizinakili ubaoni kwa mkono, sasa hupigwa picha na kumfikia kila mwimbaji kabla hajafika nyumbani, ingawa skrini ina tabia ya kujizima katikati ya ubeti wa pili, wakati mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika mtoto.

Wema huo ndio unaonifanya nidai zaidi, kwa sababu unaonyesha kwamba uwezo upo. Zipo programu za mikutano ambazo sasa zina chaguo la kupeleka sauti kama ilivyo, bila kuichuja, lililotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, na mwaka 2021 iOS 15, mfumo unaoendesha simu za Apple, ilileta mpangilio unaoiruhusu maikrofoni kuchukua sauti zote zilizo karibu. Lakini lazima mtu ajue kwamba chaguo hilo lipo, alitafute, na programu anayoitumia iwe inalikubali; anayeinunua simu leo na kumwimbia mama yake kesho atachujwa bila kuambiwa. Ninachotaka hakihitaji uvumbuzi: simu itambue kwamba mtu anaimba, kama inavyotambua nyuso na maandishi, na iache kumchuja, tundu la waya lirudi katika simu nzuri badala ya kubakizwa hasa katika za bei nafuu, na wimbo nilioulipia uwe faili langu, ninaloweza kulihamisha na kumrithisha mtu.

Wakati tunangoja hayo, mwalimu wetu ameanza kuirekodi sauti ya nne oktava moja juu kuliko tunavyoiimba, ili spika za simu ziweze kuitoa. Wazee wa besi wamelalamika kwamba wanafundishwa kwa sauti ya watoto, na mmoja ametishia kuhamia sauti ya tatu, lakini katika mazoezi yaliyofuata tuliingia sote kwa pamoja.